Ekskaveta ikigoma New Site: pima waya kabla ya kuagiza sensa

JUBA – Ekskaveta ikikataa kazi asubuhi kwenye kiwanja cha ujenzi New Site, mjini Juba, hasara huanza kuhesabiwa kabla ya saa nne. Malori ya kubeba udongo yamepanga foleni, vibarua wamekaa kivulini na mteja anapiga simu. Kwenye skrini ya mtambo kuna namba ya hitilafu yenye jina la sensa fulani, na uamuzi wa haraka huwa mmoja tu: agiza sensa mpya kutoka Kampala.

Uamuzi huo huwapotezea fedha wamiliki wengi wa mitambo. Namba ya hitilafu haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema tu kwamba kompyuta ya mtambo imepokea umeme ambao haikuutarajia. Kati ya sensa na kompyuta hiyo kuna waya wa mita kadhaa, plagi kadhaa, waya wa ethi na betri. Kasoro ikiwa mahali popote hapo, skrini italitaja jina la sensa ileile.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye mtambo si "sensa hii ni bei gani?" bali "nani amepima waya?" Fundi mwenye mita ya umeme ya kawaida anaweza kulijibu kwa muda mfupi, mara nyingi kabla basi la kwenda Nimule halijaondoka.

Hesabu ya siku za kusubiri

New Site, kama vitongoji vingine vya Juba vilivyopanuka tangu Mkataba wa Amani wa mwaka 2005, hutegemea vipuri kutoka nje. Kutoka Kampala kupitia Gulu, Elegu na Nimule ni zaidi ya kilometa 600, na kutoka bandari ya Mombasa ni zaidi ya kilometa 1,600. Kipande cha mwisho, kutoka Nimule hadi Juba, ni kilometa 192 za lami iliyojengwa kwa fedha za Marekani na kukamilika mwaka 2012.

Lami haikuondoa mashaka yote ya njia hiyo. Mwaka 2021 madereva wa malori walisimamisha safari mpakani Elegu baada ya wenzao kuuawa katika mashambulizi ya barabarani ndani ya Sudan Kusini. Mzigo mdogo wa vipuri hukwama sawa na mzigo mkubwa wa saruji.

Chukulia, kwa hesabu tu, kwamba ekskaveta ya tani 20 imekodishwa kwa dola 300 kwa siku na sensa inauzwa dola 120. Mtambo ukisubiri siku sita, mapato yanayopotea ni dola 1,800, mara 15 ya bei ya sensa. Sensa ikifika, ikafungwa na hitilafu ikabaki palepale, saa ya hasara huanza upya. Na maduka mengi ya vipuri hayarudishi kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa.

Sensa hufanya nini

Sensa inayozungumziwa hapa si ile ya kuhesabu watu. Ni kifaa kidogo kinachogeuza joto, presha au mwendo kuwa umeme ambao kompyuta inaweza kuusoma. Ekskaveta ya zamani ilikuwa na vifaa vichache vya aina hii. Ya kisasa inavyo kwenye injini, pampu za haidroliki, tangi la mafuta na vyombo vya kuendeshea. Kwa fundi wa umeme, makundi matatu ndiyo ya kuyajua vizuri.

La kwanza ni sensa za presha, ambazo kwa kawaida zina nyaya tatu. Waya mmoja huleta umeme wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili ni ethi, na wa tatu hurudisha ishara. Katika sensa nyingi za aina hii ishara huwa takriban nusu volti pasipo presha, na hupanda kufikia takriban volti 4.5 presha inapofika kikomo.

La pili ni sensa za joto, ambazo nyingi zina nyaya mbili. Kadiri joto linavyopanda, ukinzani wake hushuka. Sensa ikiwa baridi mita husoma maelfu ya omu, na injini ikichemka husoma mamia.

La tatu ni sensa za mwendo, zinazohesabu meno ya gurudumu la injini yanapopita mbele ya sumaku. Hizi husumbuliwa na mambo mawili ya kawaida: nafasi kati ya sensa na meno kuwa kubwa mno, na vumbi la chuma kunata kwenye ncha ya sumaku. Yote mawili hayahitaji kipuri kipya.

Kusoma namba kabla ya kuamini

Injini nyingi za dizeli za mitambo na malori hufuata mfumo wa kimataifa uitwao J1939. Katika mfumo huo hitilafu huandikwa kwa namba mbili. SPN hutaja sehemu, kwa mfano 100 ni presha ya oili ya injini, 102 ni presha ya hewa ya tabo, 110 ni joto la maji ya injini na 190 ni mzunguko wa injini. FMI hutaja aina ya kasoro, na hiyo ndiyo namba ambayo wanunuzi wengi huiruka:

– FMI 0 au 1: umeme wa sensa uko sawa, lakini kipimo chenyewe kimepita kiasi au kimeshuka mno.
– FMI 2: ishara inayumba au haiaminiki.
– FMI 3: volti iko juu kuliko kawaida, au waya umegusana na waya wenye umeme.
– FMI 4: volti iko chini kuliko kawaida, au waya umepiga shoti kwenye ethi.
– FMI 5: mkondo mdogo mno, au waya umekatika.
– FMI 6: mkondo mkubwa mno, au waya umepiga shoti kwenye ethi.

Caterpillar nayo hutumia namba hizo za FMI. Komatsu ina orodha yake, ambamo CA144 na CA145 humaanisha kwamba umeme wa sensa ya joto la maji uko juu au chini kuliko inavyotakiwa. Kwa mtambo wa kampuni nyingine, kitabu chake ndicho cha kufuata. Maelezo yaliyotafsiriwa na mtu wa dukani hayatoshi.

Tofauti ya FMI 1 na FMI 4 ni ya kufa na kupona kwa injini. Skrini ikionyesha SPN 100 na FMI 4, huenda waya wa sensa ya presha ya oili umechubuka. Ikionyesha SPN 100 na FMI 1, kompyuta inasema presha ya oili imeshuka kweli. Injini izimwe papo hapo, oili ikaguliwe kwa kijiti, kisha presha ipimwe kwa geji ya mkono. Anayechomoa plagi ya sensa ili taa izimike na kazi iendelee anacheza na injini nzima, ambayo bei yake haifanani kabisa na ya sensa.

Hatua za kupima

Kazi huanza kwa daftari. Fundi aandike namba zote zilizopo, hata zile zilizokwisha kupita, kabla ya kuzifuta. Azifute, awashe mtambo, aone zipi zinarudi. Namba iliyorudi mara tu swichi inapofunguliwa hufuatiliwa tofauti na ile inayorudi baada ya mtambo kupata joto au kutikisika.

Baada ya hapo ni betri. Ekskaveta nyingi hutumia volti 24 kutoka kwa betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Betri zilizojaa na kupumzika husoma volti 25 na kidogo. Injini ikiwa inanguruma, alteneta nzuri huonyesha volti 27 hadi 28 na ushei. Volti ikianguka chini ya 18 wakati wa kupiga stata, betri au viungo vyake vikaguliwe kwanza, kwa sababu kompyuta yenye njaa ya umeme huandika hitilafu za uongo.

Ethi hufuata. Injini ikiwa inafanya kazi na taa zimewashwa, ncha moja ya mita iwekwe kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna kutu, rangi au boliti iliyolegea njiani. Kipimo kirudiwe kwenye fremu ya kabini na mahali kompyuta inapopata ethi yake.

Hatua inayofuata ni macho na vidole. Waya ufuatwe kutoka kwenye sensa hadi kwenye kompyuta. Pa kuangaliwa zaidi ni pale unapopita kwenye kona ya chuma, karibu na tabo na bomba la moshi, chini ya kabini na kwenye maungio ya mkono wa mtambo. Plagi zifunguliwe na pini zake zitazamwe kama zina maji, oili, kutu ya kijani, au kama moja imerudi nyuma. Panya nao wana sehemu yao, hasa kwa mtambo uliolala wiki kadhaa bila kazi.

Hali ya hewa ya Juba huongeza uzito wa ukaguzi huo. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule nchini kote kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45. Joto la mchana linapoongezwa juu ya joto la injini, plastiki ya waya hukauka na kupasuka. Mvua zikianza mwezi Aprili, maji huingia kwenye nyufa hizo, na ndipo hitilafu zinapoanza kutokea asubuhi na kupotea mchana.

Mfano wa hitilafu tatu kwa mpigo

Tuseme skrini imeonyesha mambo matatu kwa pamoja: presha ya oili ya injini na FMI 4, presha ya tabo na FMI 4, na SPN 3509, ambayo ni umeme wa kulisha sensa. Mwenye haraka ataagiza sensa mbili, na mshauri mbaya atamwongezea kompyuta.

Sensa mbili kufa dakika moja ni jambo la nadra. Jibu liko kwenye ile namba ya tatu. Sensa kadhaa hulishwa na mstari mmoja wa volti 5. Sensa moja ikipiga shoti ndani, au waya mmoja ukigusa chuma, mstari wote huporomoka na kila sensa iliyo juu yake huonekana mbovu.

Kipimo chake ni rahisi. Swichi ifunguliwe bila kuwasha injini, plagi ya sensa moja ichomolewe, kisha volti ipimwe kati ya pini ya umeme na pini ya ethi. Ikiwa ni kati ya 4.75 na 5.25, mstari uko salama. Ikiwa iko chini sana, mita iachwe palepale na sensa nyingine za mstari huo zichomolewe moja baada ya nyingine. Sensa ambayo ikichomolewa volti 5 zinarudi, hiyo ndiyo mbovu. Zote zikichomolewa na volti isirudi, kasoro iko kwenye wayaringi. Baada ya wayaringi kukaguliwa na kuonekana mzima, ndipo kompyuta ianze kushukiwa.

Sensa ya joto ina kipimo chake. Plagi yake ikichomolewa, kompyuta inapaswa kuandika volti ya juu. Pini mbili za upande wa waya zikiunganishwa kwa kipande kidogo cha waya, inapaswa kuandika volti ya chini. Ikifanya hivyo mara zote mbili, waya na kompyuta ni wazima na sensa ndiyo ya kubadilishwa. Njia hii ni ya sensa za nyaya mbili. Kwenye sensa ya nyaya tatu, mstari wa volti 5 usiunganishwe na ethi kwa makusudi.

Kuna na kipimo kisichohitaji kifaa chochote. Asubuhi, mtambo ukiwa umelala usiku kucha, joto la maji, la hewa inayoingia kwenye injini na la oili ya haidroliki yanapaswa kukaribiana kwenye skrini. Moja likitofautiana sana na mengine, limejitaja lenyewe.

Mtambo ukiwa na pampu kuu mbili, na kila moja ina sensa ya presha yenye namba ileile ya kipuri, sensa hizo zinaweza kubadilishana nafasi. Presha ya haidroliki itolewe kwanza kama kitabu kinavyoelekeza, kwa sababu oili iliyobanwa inaweza kupenya ngozi. Hitilafu ikihamia pampu ya pili, sensa ni mbovu. Ikibaki ilipo, waya ndio wenye kosa, na hakuna senti iliyotumika.

Skrini ikisema kompyuta haziwasiliani, kipimo ni cha nyaya mbili zilizosokotwa za mawasiliano. Umeme ukiwa umekatwa, ukinzani kati yake unapaswa kuwa takriban omu 60. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika au kizuizi chake cha mwisho hakipo. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana.

Hatari za kuepuka

Taa ya kupimia yenye balbu isitumike kwenye nyaya za kompyuta, kwa kuwa huvuta mkondo mkubwa kuliko zinavyoweza kubeba. Waya usitobolewe kwa sindano, maana tundu hilo litakuwa mlango wa maji mvua ijayo. Ncha ya mita iingizwe taratibu kutokea nyuma ya plagi.

Kuchomelea ni hatari zaidi. Kabla ya kuchomelea meno ya ndoo au ufa wa mkono, hasi ya betri ikatwe, plagi za kompyuta zichomolewe kama kitabu kinavyoagiza, na klempu ya ethi ifungwe karibu kabisa na panapochomelewa. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye kompyuta, hesabu ya siku sita inakuwa ndogo.

Si kila hitilafu inayotajwa kwa jina la sensa ni ya umeme. SPN 157, presha ya mafuta kwenye reli ya injini, ikija na FMI 1 mara nyingi humaanisha filta iliyoziba, hewa kwenye mabomba au dizeli chafu. Anayenunua mafuta ya mapipa aanze na filta na kikombe cha kutenganisha maji kabla ya kugusa sensa.

Kipuri kikihitajika kweli

Vipimo vikithibitisha kwamba sensa imekufa, oda itumwe ikiwa kamili: namba ya mtambo, namba ya injini, namba iliyochapwa kwenye sensa yenyewe, na picha za plagi na nyuzi za skrubu. Sensa mbili zinazofanana sura zinaweza kupima presha tofauti kabisa. Iliyokosewa itaingia vizuri, lakini itadanganya.

Muuzaji wa Kampala au Nairobi naye anafaidika akiuliza swali moja kabla ya kupokea fedha: FMI ni ngapi, na volti 5 zimepimwa? Mteja anayejibu hupata kinachomfaa, naye muuzaji huepuka mabishano ya kurudishiwa mzigo kutoka ng'ambo ya mpaka.

Mpakani, pakiti ndogo isisafiri bila ankara. Ankara itaje ni kipimio cha presha au cha joto na kwa mtambo gani, ili wakala wa forodha achague fungu sahihi. Ekskaveta yenyewe inayozunguka duara zima huingia chini ya 8429.52, ilhali vifaa vya kupimia presha vina fungu lao, 9026.20. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lakini hilo halikufuta haja ya nyaraka Elegu na Nimule.

Wasafirishaji wa mitambo kwa trela la lobedi nao wana jambo la kukumbuka. Mnyororo usipitishwe juu ya wayaringi wala karibu na plagi, na kabla ya kupakia skrini ya mtambo ipigwe picha ikiwa imewashwa. Picha hiyo humaliza ubishi wa nani aliyeharibu, mwenye mtambo au mwenye gari. Aidha, vipimo vilivyoelezwa hapa vinafaa pia kwa kichwa cha lori cha volti 24 kinachotumia mfumo wa J1939.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye ekskaveta ufa wenyewe ni mchubuko wa waya wenye urefu wa ukucha, na kuuziba ni kazi ya kipande cha waya, risasi na mfuniko wa plastiki. Mwenye mtambo New Site anayemlipa fundi kupima kabla ya kuagiza hutumia saa moja kujua kama ana haja ya kutuma fedha nje ya mpaka, na akizituma, anajua anachonunua.